Mbwa wawili wazee, banda moja: mwongozo kamili wa kuwachukua pamoja ukiwa Nyanda za Juu Kusini

Mtumishi akipata barua ya uhamisho kutoka Mbeya kwenda Kigoma, makabati hupakiwa kwenye Fuso, watoto hupanda basi, na mbwa hubaki getini. Wengine hubaki baada ya mzee wa nyumba kufariki na wanawe kukubaliana kuuza nyumba ya Gangilonga au ya Forest. Mara nyingi huwa wawili, kwa sababu huku kwetu anayefuga mbwa wa ulinzi hupenda kuanza na wawili. Wamekua pamoja, wamelala banda moja miaka minane au tisa, na sasa hakuna anayewataka. Akitokea mtu, humtaka yule mwenye sauti nene tu.

Naomba usiwe mtu huyo. Anayechukuliwa peke yake hulia usiku kucha na kuchimba chini ya uzio ili arudi alikotoka. Anayebaki hususa chakula. Kama nafasi yako inatosha mbwa mmoja, tafuta mbwa aliyezoea kuishi peke yake, nao wapo wengi. Mwongozo huu ni wa aliyeamua kuwachukua wote wawili.

Jambo la kushika tangu mwanzo ni hili: waweke pamoja katika karibu kila kitu, ila wajue mmoja mmoja. Nusu ya kwanza watu huielewa upesi. Nusu ya pili husahaulika, na ndiyo inayookoa maisha, kwa sababu mbwa waliozoeana hufichiana udhaifu bila kukusudia. Asiyesikia humwangalia mwenzake. Mwenzake akiinua masikio, naye anasimama. Asiyeona hutembea bega likigusa ubavu wa mwenzake, na mgeni anayepita haraka huona mbwa wawili wazima.

Kwanza, hakikisha kweli hawawezi kutengana

Kukaa boma moja si lazima kuwe kupendana. Nenda uwaone wakiwa kwao, asubuhi au jioni, wala usikae dakika tano ukaondoka. Angalia wanavyolala: mgongo kwa mgongo, au kichwa cha mmoja juu ya mguu wa mwenzake. Angalia anayeamka kwanza anafanya nini, kama anasubiri au anaondoka zake. Kisha mwombe mwenyeji amtoe mmoja nje ya geti kwa dakika kumi, wewe ubaki na yule mwingine. Akizunguka, akilia, akisimama pale getini bila kukujali hata ukimpa nyama, umepata jibu.

Kugombana kidogo wakati wa chakula hakuvunji undugu. Kinachopaswa kukushtua ni makovu masikioni na shingoni kwa mmoja tu, mmoja kulala mvuani kwa sababu mwenzake amekalia mlango wa banda, au mmoja kutothubutu kula mpaka mwenzake aondoke. Huyo anaonewa, na kumtenganisha na mwenzake ni kumsaidia. Usiwachukue wawili wa namna hiyo kwa kuwa tu umeambiwa ni ndugu.

Maswali ya kuuliza, na nani wa kumuuliza

Umri watu wengi hawaukumbuki kwa mwaka. Uliza: walipokuja, huyu mtoto wenu alikuwa darasa la ngapi? Hapo utapata hesabu iliyo karibu na ukweli. Uliza walikuwa wanafungwa mchana na kufunguliwa usiku, au waliachwa huru muda wote. Uliza kama kuna aliyewahi kung'ata mtu, na ilikuwaje. Uliza kuhusu kuku, mbuzi, watoto wadogo, radi, na kama jike amefungwa kizazi. Omba vyeti vya chanjo uvione kwa macho, kimoja kwa kila mbwa.

Baada ya hapo zungumza na aliyekuwa akiwalisha. Kwa nyumba nyingi si mwenye mbwa, ni dada wa kazi au mlinzi. Yeye ndiye anayejua kwamba mmoja hutapika akila maharage, au kwamba dume huogopa ufagio. Chukua nusu saa nzima na mtu huyo, na uandike.

Mkikubaliana, andikeni karatasi fupi ya makabidhiano: majina ya mbwa, rangi, umri wa kukadiria, hali ya chanjo, tarehe, sahihi zenu, na shahidi. Mjumbe au mwenyekiti wa mtaa anafaa sana. Karatasi hiyo inakulinda siku ndugu wa familia atakapokuja kudai mbwa wa marehemu. Na tangu siku hiyo jukumu ni lako. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, na anayemfuga mnyama ndiye anayewajibika kwa hali yake.

Wapime kwa mikono yako kabla ya daktari

Fanya hivi mchana kweupe, mmoja mmoja, mwenzake akiwa ameshikwa mbali kidogo. Mwenye kuwalisha akae karibu ili mbwa atulie.

Anza na fizi. Inua mdomo wa juu taratibu kwa kidole gumba. Fizi nzuri ni za waridi na zina unyevu. Ukizibonyeza zinageuka nyeupe, na ukiachia rangi inarudi ndani ya sekunde mbili. Wapo mbwa wenye fizi nyeusi kwa asili, hao waangalie ndani ya kope la chini. Fizi zilizopauka kama karatasi kwa mbwa wa huku zinakutaka umfikirie kupe kwanza, maana kupe huleta magonjwa yanayokula damu, halafu minyoo. Ukiwa hapo hapo kagua meno. Ugaga wa kahawia na harufu kali ni kawaida kwa mbwa mzee ambaye hajawahi kusafishwa meno, lakini jino linalotikisika au usaha ni maumivu ya kila siku, na huenda ndiyo sababu ya yeye kukonda.

Macho ya mbwa mzee hupata ukungu wa buluu, na wengi wenye ukungu huo bado wanaona vizuri. Mtoto wa jicho ni mweupe zaidi na huziba. Kuwatofautisha, dondosha kipande cha pamba mbele yake. Pamba haina sauti wala harufu ya kumvuta, kwa hiyo akiifuata kwa macho, anaona. Kwa masikio, piga makofi nyuma yake wakati mwenzake hayupo. Mwenzake akiwepo, kipimo hicho hakina maana.

Pitisha viganja mwili mzima, kuanzia shingoni mpaka mkiani. Mbavu uzihisi chini ya ngozi bila kuzibonyeza sana, lakini zisiwe zinahesabika kwa macho. Kila uvimbe, kumbuka ulipo na ukubwa wake ukilinganisha na punje ya hindi au yai. Kwa jike, pitia chuchu zote hadi za karibu na mapaja, kwani uvimbe wa matiti ni wa kawaida kwa majike wazee ambao hawakufungwa kizazi. Jike kama huyo akinywa maji kupita kiasi, akikosa hamu ya kula na kutoa uchafu ukeni wiki chache baada ya kipindi cha kutaka dume, anaweza kuwa na usaha kwenye mji wa mimba. Hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo. Angalia pia sehemu za siri za wote wawili kama kuna kinyama kinachotoa damu. Kuna saratani ambayo mbwa huambukizana kwa kupandana, na hutibika vizuri ikiwahiwa.

Mwisho, miguu. Fungua vidole. Huku kwetu funza hawaumi watu tu. Mbwa huwabeba katikati ya vidole na kwenye nyayo, na mbwa anayechechemea huweza kusemwa ana baridi yabisi kumbe ni funza. Kucha ndefu zilizojikunja humfanya atembee vibaya hata kama viungo ni vizima. Kisha mtazame akiinuka kutoka kulala. Anayeanza kwa miguu ya mbele na kuburuta ya nyuma hatua chache ana maumivu ya nyonga au magoti.

Ukimaliza, ndipo uende kwa daktari wa mifugo ukiwa na orodha. Daktari anayeambiwa "jike ana uvimbe kama punje ya hindi chuchu ya nne kushoto" hufanya kazi tofauti na anayeambiwa "wamezeeka tu". Afisa mifugo wa kata anaweza kukuelekeza kwa daktari mwenye uzoefu wa mbwa, maana wengi huku kazi yao kubwa ni ng'ombe na kuku. Vipimo vya maabara vikihitajika, Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania ana kituo Iringa, na kwa upasuaji mgumu kuna hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro.

Gharama sitazichambua sana. Kila kitu zidisha kwa mbili, na weka akiba pembeni kwa ugonjwa wa ghafla, kwani wazee huugua. Kama kuzidisha kwa mbili kunakutisha leo, usiwachukue.

Banda la baridi ya Juni na Julai

Mbeya mjini iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Njombe inakaribia 2,000. Usiku wa Julai mbwa mzee mwenye maumivu ya viungo hateseki kwa kitu chochote kama sakafu ya saruji. Mafundi wanapenda kujenga banda la tofali na saruji kwa sababu linadumu. Kwa wazee wawili, ng'ang'ania mbao.

Mabanzi ya msonobari kutoka Mafinga yanatosha kabisa. Sakafu iinuke kiasi cha shubiri moja kutoka ardhini ili upepo upite chini na tope la masika lisiingie. Mlango uwe ubavuni, upande usioelekea upepo, na ukuta wa ndani uzibe baridi isiwafikie wanapolala. Banda moja, liwatoshe wote wawili kujinyoosha na kugeuka, lakini lisiwe kubwa kupita hapo, maana joto lao ndilo linalolipasha. Badala ya ngazi weka ubao wa mteremko wenye vijiti vya kuzuia kuteleza.

Tandika magunia ya katani yaliyojazwa nyasi kavu, na uyaanike juani kila wiki, vinginevyo viroboto watahamia humo. Na nasema hili kwa msisitizo: usiweke jiko la mkaa ndani ya banda wala mlangoni kwake. Hewa ya mkaa inayoua watu waliojifungia chumbani Makete huua mbwa pia, tena haraka.

Siku ya kuwahamisha

Gari moja, safari moja. Usimlete mmoja leo na mwingine Jumamosi kwa sababu gari limejaa. Kirikuu kilichofunikwa turubai na kutandikwa magunia kinafaa. Buti ya basi haifai hata kwa dakika moja. Wape chakula kidogo usiku wa kuamkia safari, asubuhi maji tu. Kutoka Iringa hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 300, kwa hiyo simama Makambako uwape maji na wajisaidie, wakiwa wamefungwa kamba. Kama unavuka mkoa, pitia kwanza ofisi ya mifugo ya halmashauri uulize kuhusu kibali, na ubebe vyeti vya chanjo.

Njoo na matandiko yao ya zamani bila kuyafua. Yananuka, ni kweli, na harufu hiyo ndiyo kitu pekee watakachokitambua usiku ule. Kila mmoja avae mkanda wake wa shingoni wenye namba yako ya simu tangu kabla hajapanda gari.

Wiki za mwanzo

Wafugaji wengi hutumia kipimo cha tatu tatu: siku tatu za kuduwaa, wiki tatu za kujifunza utaratibu wa nyumba, miezi mitatu ya kujiona wako kwao. Kwa wazee wawili nimeona hesabu hiyo ikikaribia ukweli, ila mmoja hutangulia. Yule jasiri anaweza kukuletea mkia siku ya pili ilhali mwenzake bado yuko nyuma ya banda. Usimburute. Mpe jasiri chakula kizuri mbele ya macho ya yule mwoga, na umwache ajifunze kwa kumtazama mwenzake.

Siku ya kwanza wazungushe uzio kwa kamba, wote pamoja, polepole, wanuse kila kona. Usiwaogeshe. Usialike majirani kuwaona. Usiwafungulie usiku bila uzio imara kwa mwezi mzima, maana mbwa aliyetoka Uyole akaletwa Iyunga anaweza kuamua kurudi Uyole kwa miguu, na mwenzake atamfuata mpaka katikati ya lami ya TANZAM. Kuna mahali halmashauri hutangaza kuwaua mbwa wanaozurura. Mkanda, cheti na uzio ndiyo kinga yao.

Kama mmoja haoni, usihamishehamishe vitu uani. Rundo la kuni likikaa pale, likae pale pale. Maji yawe mahali pamoja siku zote.

Majirani waambie mapema. Kuna wasiopenda kuguswa na mate ya mbwa kwa sababu za dini, wana haki hiyo, na mbwa waliozoea watu huenda kwa kila mtu. Watoto wa nyumbani wafundishe mambo mawili tu kwa kuanzia: asiguswe mbwa anayelala, na asisogelewe mbwa anayekula. Mbwa mzee asiyesikia akishtuliwa usingizini anaweza kung'ata kabla hajajua ni nani.

Chakula: hapa watenganishe

Hapa ndipo mahali pekee pa kila siku ambapo hawapaswi kuwa pamoja. Bakuli mbili, umbali wa hatua kadhaa au ukuta katikati, mara mbili kwa siku, nawe usimame hapo mpaka wamalize. Si kwa ajili ya ugomvi tu. Mbwa aliyeacha kula ndiye mbwa mgonjwa, na wakila bakuli moja utagundua siku ya nne.

Mbwa wa kilo 20 asiye na kazi nzito huhitaji takriban kalori 900 kwa siku. Ugali wa dona wa gramu 150 za unga, gramu 80 hivi za dagaa wakavu, kijiko cha mafuta na mboga za majani zilizochemshwa kidogo hukaribia hapo. Huku tuna bahati ya usipa wa Ziwa Nyasa wanaoletwa kutoka Kyela. Waloweke kwanza kupunguza chumvi na mchanga, kisha uwachemshe na vichwa vyao, maana mifupa yao laini ina madini ya chokaa. Anayepoteza meno, mpondee. Anayenenepa, punguza ugali, dagaa waache.

Usiwape mahindi yaliyoota ukungu. Najua ni desturi: yaliyooza ni ya mbwa. Lakini sumukuvu iliyomo, hata ikiwa kidogo sana, huharibu ini la mbwa, na kupika hakuiondoi. Vitunguu, vya maji na saumu, huharibu damu yao. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha. Na kwa wa Rungwe na Njombe, okota kokwa za parachichi zilizoanguka uani. Nyama yake kidogo haimdhuru mbwa sana, ila kokwa ikimezwa huziba utumbo.

Chanjo, kupe na dawa za maumivu

Chanjo ya kichaa cha mbwa ni kila mwaka, hata kwa mbwa mzee asiyetoka nje. Kama cheti hakipo, wahesabu hawajachanjwa na uwachanje wote wawili. Karibu na Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, halmashauri nyingi huendesha kampeni. Uliza kwa afisa mifugo. Mtu aking'atwa na mbwa yeyote, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo bila kusubiri kuona mbwa atakuwaje. Dawa ya minyoo wape kila miezi mitatu, na kila mmoja apimwe uzito wake. Wasikadiriwe kwa pamoja.

Kupe watafute kwa vidole kila siku: masikioni, kwapani, katikati ya vidole. Usiwaogeshe kwa dawa ya josho la ng'ombe iliyobaki kwenye chupa. Kipimo cha ng'ombe kinaweza kumwua mbwa, na wazee hulambana. Nunua ya mbwa, na ukimpaka mmoja, watenganishe mpaka ikauke.

Maumivu ya viungo yana dawa za mbwa, na daktari atakupa. Diklofenaki na ibuprofeni tunazomeza sisi hutoboa tumbo la mbwa na kuua figo zake. Usitoe hata nusu kidonge. Mpaka umfikie daktari, gunia lililopashwa juani, matembezi mafupi asubuhi jua likishatoka, na uzito uliopungua vitamsaidia zaidi.

Weka daftari moja lenye kurasa mbili kwa mwezi, kila mbwa ukurasa wake: alikula, alikunywa, choo, alivyotembea. Joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39 na pointi chache, kwa hiyo pua ya moto isikutishe. Kipimajoto ndicho kinachosema.

Mmoja akitangulia

Zungumza na daktari mapema kuhusu siku ambayo maumivu hayatatulizika, ili uamuzi usifanywe kwa hofu usiku wa manane. Mmoja akifa, mwache mwenzake amkaribie na kumnusa kabla ya kuzika. Wengi hunusa, hukaa kidogo, na huacha kumtafuta uani kama wanavyofanya wale ambao mwenzao alitoweka tu. Lakini kama kifo kilikuja na ukali usio wa kawaida, mate mengi, kushindwa kumeza au kupooza, usimwache mwenzake wala mtu amguse. Mpigie afisa mifugo kwanza, kwa sababu sampuli huenda ikahitajika. Kaburi liwe na kina cha mita moja au zaidi, mbali na kisima.

Aliyebaki asibadilishiwe chochote mwezi huo: saa zile zile za chakula, banda lile lile, njia ile ile ya matembezi. Mwongezee gunia, maana sasa hana wa kumpasha joto. Asipokula siku mbili, ni ya daktari. Ukiona udhaifu ambao hukuwahi kuuona, kama kujigonga ukutani au kutogeuka anapoitwa, rudia vipimo vya pamba na makofi, kwa kuwa mwenzake alikuwa akimsaidia. Usikimbilie kumletea mtoto wa mbwa. Atamchosha na kumrukia viungo vinavyouma. Akionekana anatafuta kampani baada ya miezi michache, mletee mzee mwenzake mtulivu, wakutane kwanza nje ya geti wakiwa wamefungwa kamba, na kila mmoja aanze na bakuli yake.